Maswali na Majibu: Namba 4,294,967,297

Msomaji wa Mbale: Nimeigawa 4,294,967,297 kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13, na kila mara inabakiza. Je, niandike kwamba ni namba tasa?

Usiandike. Majaribio sita hayathibitishi lolote kuhusu namba yenye tarakimu kumi. Kwa njia hiyo ungelazimika kujaribu kila namba tasa hadi karibu na kipeuo chake cha pili, yaani 65,536. Namba yako ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa aliyeona kwamba ndugu zake 3, 5, 17, 257 na 65,537 (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara ukiongeza 1) zote ni tasa, aliamini kwamba mfuatano ungeendelea hivyo daima, hadi Leonhard Euler alipoonyesha mwaka 1732 kwamba hii ni 641 mara 6,700,417. Euler hakubahatisha. Alijua kwamba kila kigawo tasa cha namba hii lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 64, na baadaye ikathibitishwa kwamba hata kwa 128 ni hivyo hivyo. Basi andika 129, 257, 385, 513 na 641: ya kwanza na ya nne zinagawanyika kwa 3, ya tatu kwa 5, ya pili ukiijaribu inabakiza 2, na ya tano inaingia bila baki. Wanafunzi wetu wanazoeshwa kujaribu vigawo vidogo kisha kutangaza jibu, na jambo hilo linanisikitisha, kwa sababu mifano mitano iliyomdanganya Fermat ilikuwa mizuri kuliko yao.

Msomaji wa Jinja: Je, msimbo wa simu wa Uganda, 256, una siri yoyote?

Hauna siri, una sifa. 256 ni 2 kwa kipeo cha 8, kwa hiyo ukiiongezea 1 unapata 257, mraba wa 256 ukiongezewa 1 unakuwa 65,537, na kipeo cha nne cha 256 ukikiongezea 1 unarudi kwenye namba ya msomaji wa Mbale. Yeyote anayewauzia namba za bahati kwa hoja hiyo anawala fedha zenu.

Mwanafunzi wa Arua: Je, 1 ni namba tasa?

La. Namba tasa ina vigawo viwili tofauti, nayo 1 ina kimoja. Swali hili nimekwisha kulijibu mara nyingi mno. Tafadhali someni majibu yaliyotangulia kabla ya kuandika.

Msomaji wa Gulu: Kikokotoo kinaniambia kwamba 2 kwa kipeo cha 64, kuongeza 1, ni 1.844674407 mara 10 kwa kipeo cha 19. Je, si inagawanyika kwa 10?

Haigawanyiki. Kikokotoo kimezikata tarakimu zilizozidi nafasi yake, na sifuri unazozijaza wewe si za namba hiyo. Namba kamili ni 18,446,744,073,709,551,617, inayoishia na 7. Nayo si tasa: mwaka 1880 Fortuné Landry aliivunja kuwa 274,177 mara 67,280,421,310,721, kwa hesabu ya mkono. Kwa maswali ya vigawo, msiamini kamwe jibu lililokadiriwa.

Mwalimu wa Masaka: Baada ya 65,537, ipo tasa nyingine katika mfuatano huo?

Haijapatikana hata moja, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo. Kuanzia kipeo cha 32, namba 28 mfululizo zimethibitishwa kuwa si tasa; inayofuata, yenye tarakimu zaidi ya bilioni 2.5, bado haijaamuliwa.