Usiuze cherehani za mama mdogo

Mdogo wangu, nimesikiliza ile sauti uliyonitumia mara tatu. Unasema huko Manzese wanasimulia kwamba niko London nabuni nguo za mastaa, na kwamba umeshapata mteja wa zile cherehani mbili ili nawe ulipe ada uje. Nimekasirika, lakini si kwako. Picha nilituma mwenyewe, nimesimama mbele ya maduka yanayowaka taa, mengine nikanyamaza.

Sasa sikia. Niliko ni fildi, kama zile za vyuo vya huko. Silipwi. Sheria ya Uingereza inasema mwanafunzi aliye kwenye mafunzo ya kazi yaliyo sehemu ya kozi yake, yasiyozidi mwaka, hadai kima cha chini cha mshahara. Narudishiwa nauli tu. Hela naipata usiku, nasafisha ofisi, na viza inaniruhusu saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Aprili 2025 kima cha chini kwa umri wangu kilipangwa kuwa pauni 12.21 kwa saa. Piga hesabu, kisha toa chumba, pauni 850 kwa mwezi. Kinachobaki ndicho nakula, na humohumo ndimo zinamotoka zile shilingi elfu themanini ninazotuma, ambazo mama mdogo ameniuliza mbona zimepungua. Bado ile pauni 776 ya matibabu kwa kila mwaka wa viza, niliyolipa kabla ya kupanda ndege.

Wiki ya kwanza nilitumwa kahawa, mimi niliyeshona sare za harusi tangu kidato cha pili. Hilo lilipita. Lililoniuma ni kugundua kwamba kuna jambo la ushonaji silijui kabisa.

Sisi mteja anakuja, tunampima, tunakata. Hapa mvaaji hatumwoni. Unapewa pateni, ile karatasi ya kukatia nguo, ya saizi 12, uitoe kwa saizi zote kuanzia 8 hadi 18. Wenyewe wanaita gredingi. Kifua kinaongezeka sentimita 5 kwa kila saizi, na kipande cha mbele ni robo ya mwili, kwa hiyo robo inapata 1.25. Nikaona rahisi, nikaijaza yote ubavuni. Saizi 18 ikatoka na bega la saizi 12 na kwapa lililopanuka chini, mkono ukagoma kukaa. Kumbe bega lina milimita zake, shingo zake, kwapa zake. Msimamizi alikilaza kile kipande cha mkono juu ya kwapa, akaniacha nitazame. Mita tatu za kitambaa zimeharibika. Nililia chooni, nikarudi nikachora upya.

Mchana ni makaratasi. Kila zipu, kila kifungo, kila rangi ya uzi ina namba yake kwenye jedwali. Sampuli ikirudi kutoka kiwandani Ureno naipima kwa futi kamba. Nyonga ikizidi kipimo kwa zaidi ya sentimita moja, naandika kwa wekundu na kutuma barua pepe. Shati lina vifungo 7, ukiandika 6, mashati yote yatakuja na 6. Mwanzoni niliona ni kazi ya karani. Siku hizi nazikumbuka zile sare za harusi ya jirani zilizopelea kitambaa kwa sababu vipimo tulikuwa tunavitunza kichwani, na naona aibu.

Kwa hiyo usije. Usije kwa hela ya cherehani, nakusihi, utaishia kushika fagio usiku na macho mekundu mchana. Lakini ukipata ufadhili, njoo hata kesho! Nitakupokea uwanja wa ndege na koti mkononi, tutabanana chumbani kwangu, na Jumamosi nitakupeleka soko la Ridley Road ukaone vitenge. Kazi yenyewe naipenda, sitakudanganya. Ninachokichukia ni kujifunza na njaa.

Huyo mteja wa cherehani, kama ameshatoa advansi, mrudishie leo. Mama mdogo mwambie mimi ndiye niliyesema.

Jumapili nitakupigia kwa video. Uwe na karatasi kubwa la kaki, rula ndefu, na ile blauzi ya mama mdogo inayomkaa vizuri. Usiifumue. Tutaichora kwanza saizi yake, halafu tuipandishe moja, na bega tunaanza nalo.