Vitabu vya Lovecraft: kutupa au kubaki navyo?

Ndugu yangu, unauliza kama uvitupe vitabu vya H. P. Lovecraft, mwandishi Mmarekani wa hadithi za kutisha, baada ya kugundua alivyowachukia Weusi na wahamiaji? Mimi sikuvitupa. Hadithi yake “The Horror at Red Hook” niliisoma kalamu mkononi, nikipigia mstari kila anapowataja wageni wa Brooklyn, New York: kundi tu, wachafu, wa kutisha. Humo chuki ndiyo inayoiendesha hofu, kwa hiyo usikubali ukiambiwa ni doa dogo la pembeni.

Kisha tafuta The Ballad of Black Tom (2016) ya Victor LaValle, Mmarekani Mweusi aliyeisimulia upya hadithi hiyohiyo akimpa nafasi kijana Mweusi wa Harlem. Kwangu, inaipita ya awali.

Kununua vitabu vya Lovecraft kusikusumbue, mwenyewe alifariki 1937, hela yako haimfikii. Ila mtoto asiachiwe azisome hadithi zake peke yake. Zikikuumiza, funga kitabu. Huna deni na Lovecraft.