Wanafunzi wa kigeni Iringa: utapimaje kama wamejifunza kweli?

Mkuu, umeuliza chuo chenu kitapimaje kama wanafunzi wa Marekani wanaokuja Iringa kwa kozi ya Juni wamejifunza kuhusu dunia, au wametembea tu. Umesema mna hojaji ya mwisho, mna na vigezo vya VALUE, yaani miongozo ya kupima kazi za wanafunzi kwa ngazi, vya AAC&U, ile jumuiya ya vyuo vya Marekani, na mnataka kuvigeuza kuwa alama za mtihani. Nimeratibu kozi za namna hii hapa mjini kwa miaka, nikipokea makundi na kusahihisha kazi zao, kwa hiyo nivumilie nijibu kwa kirefu.

Hojaji iwepo, ila usiitegemee. Mtu akiulizwa siku ya kuagana kama sasa anaelewa tamaduni za wengine, atajibu kwa moyo wa kuagana. Tena mwanafunzi makini anaweza kujipa alama ndogo mwishoni kuliko alizojipa mwanzoni, kwa sababu alipokuja hakujua ukubwa wa asichokijua. Ukizisoma namba peke yake utasema kozi imemrudisha nyuma, kumbe huyo ndiye aliyejifunza kuliko wenzake.

Ninachokiamini ni swali moja, liulizwe mara mbili, juu ya kitu cha hapahapa. Mimi natumia Kalenga, kijiji cha jirani chenye makumbusho ya Mkwawa. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Lilirudi mwaka 1954. Nawapa ukurasa mmoja wenye habari hizo na kuwauliza: kwa nini fuvu la mtawala wa Wahehe liliingia kwenye mkataba wa amani ya Ulaya, na wewe linakuhusu nini?

Majibu ya kwanza yanafanana. Inasikitisha, ukoloni ulikuwa mbaya, naona bahati kwenda kujionea. Huruma hiyo ni ya kweli, lakini mwandishi bado yuko nje ya habari. Wakishafika Kalenga, wakasimama mbele ya fuvu lenyewe, wakawasikiliza wazee, majibu yanaanza kuachana. Kuna binti mmoja ambaye karatasi yake ya pili naikumbuka hadi leo. Aliandika kwamba Wahehe hawakuwa na kiti Versailles, kwamba mkoloni mmoja alikuwa anamdai mwenzake, na akahoji Uingereza ilinufaika na nini kwa kudai. Kisha akageukia kwao: sheria ya Marekani ya 1990 kuhusu kurudisha mabaki ya wenyeji wa asili, na mifupa iliyobaki kwenye makumbusho ya jimbo lake. Hakuna hojaji ingenionyesha hilo.

Hapo ndipo vigezo vya VALUE vinapofaa. Kigezo cha kujifunza kidunia kina vipengele sita na ngazi kuanzia 1 hadi 4, na kazi isiyofika ngazi ya kwanza hupewa sifuri. Usivibebe vyote sita kwenye kozi ya wiki chache. Chagua viwili, mimi huchukua kuelewa mifumo ya dunia na kutazama jambo kwa macho ya wengine. Na alama za mtihani tafadhali uziweke kando: waliovitunga wenyewe wanasema ni vya kutathmini programu, si vya kumpa mwanafunzi daraja. Ngazi ya 4 inatazamiwa kwa anayemaliza shahada. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akitoka 1 akafika 2 hapa Iringa, amefanya kazi kubwa, na itaniuma sana ukimwandikia C kwa hilo.

Familia zinazowapokea nazo ziulizwe, jambo ambalo programu nyingi zinaliruka. Ila jua kuuliza. Ukimuuliza mama wa Kihesa, mtaa wa hapa mjini, kama mgeni wake ni mzuri, atakujibu ni mzuri, tena ana adabu. Mgeni hasemwi vibaya. Muulize matukio: mara ya mwisho alikuuliza nini? Jirani gani anamjua kwa jina? Mama mmoja alinijibu, "Mwanzoni alikuwa anashukuru tu. Siku hizi ananiuliza kwa nini mahindi yamepanda bei na sisi ndio tunaolima." Jibu hilo lina uzito wa kurasa kadhaa za shajara.

Kila karatasi isomwe na watu wawili, mwalimu aliyekuja na kundi na mwalimu wa hapa, kila mmoja peke yake, bila kujua ipi ni ya kwanza na ipi ya pili. Mkitofautiana, kaeni mzungumze mbele ya karatasi yenyewe. Mara nyingi mwalimu wa hapa ndiye anayebana, na mara nyingi ana sababu.

Karatasi ya kwanza waiandike wakiwa bado kwao, kabla ya semina yoyote ya maandalizi. Kwa kuwa kundi lenu linaingia Juni, swali liwafikie Mei mwanzoni.