Kabla ya kuugawa mto, uliza ulipimwa lini

Kwenu mlioripoti kazini mwezi huu: najua mmeshakabidhiwa lile faili nene la mikataba ya kugawana maji ya mito. Lisomeni, lakini msianzie kwenye vifungu vya sheria. Anzieni kwenye tarakimu, na kila mkikuta moja, ulizeni maji hayo yalipimwa miaka gani.

Chukueni mto Colorado kule Marekani. Mwaka 1922 majimbo saba yalikubaliana: kanda ya juu ipate takriban mita za ujazo bilioni 9.25 kwa mwaka, ya chini vivyo hivyo. Mwaka 1944 Meksiko nayo ikaahidiwa kama bilioni 1.85. Jumla ikapita bilioni 20. Kumbe vipimo walivyovitegemea vilitoka kwenye miaka ya mvua kubwa kuliko kawaida. Tangu 2000 mto huo unaleta karibu bilioni 15 kwa wastani, na ahadi za karatasini bado ni zilezile.

Kwetu mambo yalienda kinyume. Mkataba wa Nile wa 1959 ulitumia wastani wa 1900 hadi 1959, bilioni 84 pale Aswan: Misri 55.5, Sudan 18.5, na 10 zikaachiwa jua lizinyonye kwenye bwawa. Jumlisheni wenyewe. Halikubaki hata tone la Ethiopia, inakotoka takriban asilimia 85 ya maji hayo, wala letu sisi wa Ziwa Victoria. Miaka miwili baadaye ikaja mvua ambayo wazee wanaiita ya Uhuru. Kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili, na maji yatokayo ziwani pale Jinja, Uganda, kuelekea Nile Nyeupe yakaongezeka kupita kiasi kwa miaka mingi. Kwa hiyo mtu akikuletea wastani wa Nile Nyeupe bila kutaja miaka, mrudishie karatasi yake.

Hili nililijua kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza niliandaa jedwali la mto mmoja wa magharibi, nikalipaka rangi vizuri, nikaenda nalo mkutanoni hapa Nairobi. Mgeni mmoja kutoka nchi jirani, mama mpole sana, aliweka kidole kwenye mwezi wa Aprili akaniuliza, "Kijana, huu mto ulisimama?" Kina kilikuwa mita 4.00, siku tano mfululizo. Sikuwa na jibu. Nilipofika kituoni, msomaji wa vipimo alinionyesha zile mbao za kupimia kina, za mita moja moja, zilizopigiliwa kwenye nguzo ya daraja. Ubao wa tano ulisombwa na mafuriko ya mwaka uliotangulia na haukuwahi kurudishwa. Mto ulipopanda kupita ule wa nne, yeye aliandika alichoweza kuona: nne. Jedwali langu lote lilikuwa limekatwa kichwa, nami nilikuwa nimelitetea nusu saa nzima.

Kuhusu maneno, nitasema machache. Mkataba mpya wa Nile ulifunguliwa kutiwa saini Entebbe mwaka 2010 huku kifungu cha 14(b) kikiwa kimekwama. Nchi za juu zilitaka kiseme kutoathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine. Misri na Sudan zilitaka matumizi na haki zilizopo zitajwe. Ulipoanza kutumika Oktoba 2024, Kenya ilikuwa imetia saini lakini haijauridhia. Kumbukeni hilo kabla ya kuwasomea wengine somo.

Tena msijione wasafi sana. Maji mnayooga hapa mjini mengi yanatoka Ndakaini, Murang'a, na wenyeji wa huko wana maneno yao kuhusu mgao huo.

Alhamisi tunakwenda vituoni. Bebeni gambuti, kalamu ya risasi (ya wino huloa) na daftari la jalada gumu. Gari linaondoka saa kumi na moja alfajiri, na kazi ya kwanza ni kuhesabu mbao.