Isimila si ya siku moja

SWALI: Ndugu mhariri, niliwapeleka wanafunzi Isimila, eneo la Zama za Mawe karibu na Iringa mjini. Tukazunguka harakaharaka, tukapiga picha kwenye nguzo za udongo, tukarudi mjini. Darasani nilipowauliza wameona nini, wote walitaja nguzo tu. Tukirudi tuanzie wapi? – Mwalimu, Kihesa, Iringa

JIBU: Mwalimu, nguzo zisahauni kwa safari hiyo. Kilichoipa Isimila umaarufu ni zana za mawe zilizo kwenye korongo lingine, nazo haziangaliwi kwa kupita. Anzeni na jumba la makumbusho, kisha mshuke na mwongozaji, mchutame.

Wape watoto jiwe moja moja la kulitazama pale lilipolala. Likiwa limechongwa pande zote mbili na kuchongoka mbele, hilo ni shoka la mkono. Likiishia kwa makali mapana yaliyonyooka badala ya ncha, ni la kukatia. Watafute vijibonde ubavuni: kila kimoja ni pigo la mchongaji. Jiwe lililopasuka lenyewe kwa jua halina mapigo yaliyofuatana hivyo. Umri wa zana hizo unaotajwa sana ni miaka kama 260,000. Palipatikana pia mifupa ya kiboko wa kale aliyekuwa na macho yaliyochomoza juu ya fuvu. Korongo hilo kavu lilikuwa mahali pa maji.

Kuokota ni marufuku kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na sababu yake ina uzito: jiwe likishatolewa kwenye tabaka lake, hakuna tena wa kusema ni la zama zipi. Watoto wa shule ndio wepesi wa kutia mfukoni, kwa hiyo waonyeni kabla ya kushuka.

Nguzo ziwe safari ya pili, alasiri, jua likiwa la upande na mistari ya matabaka ikionekana vizuri. Waulize kwa nini hizi zimebaki na udongo wa kando umekwenda. Tabaka gumu la juu hufunika laini la chini, mvua inakata pembeni. Wasipande, udongo ule humomonyoka chini ya kiatu.

Mkiweza safari ya tatu, nendeni Mei, masika yakishaisha. Mvua hukwangua kuta, na mawe yaliyokuwa yamefukiwa huanza kutokeza. Mvua ikiwa inanyesha msishuke kabisa: maji ya juu yote huteremkia humo, na njia huteleza.

Ni kama kilomita 20 kutoka mjini, barabara ya Mbeya. Gari la Ifunda au Mafinga litawashusha kwenye kibao, kisha mnatembea. Kofia na maji ya kunywa ni lazima, kivuli ni cha kutafuta.

SWALI: Nani alipagundua? – Msomaji, Mafinga

JIBU: Mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliziona zana hizo mwaka 1951. Uchimbaji mkubwa ulifanywa 1957 na 1958 na Clark Howell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago.