Eksirei ya kifua na mimba changa, na ile rauta ya chumbani

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Nilikuwa nakohoa karibu mwezi nikaandikiwa picha ya kifua, nikapiga, baadae ndo nagundua siku ile nilikuwa na mimba ya wiki 5. Sikuvalishwa hata lile aproni zito. Jirani ananiambia mtoto atazaliwa na kasoro, bora niitoe mapema. Halafu mume wangu kafunga rauta ya waifai pembeni ya kitanda na nyuma ya nyumba kuna mnara wa simu, hii mionzi yote si inajumlishana? Sina amani kabisa.

JIBU: Dada yangu pole sana, na nianze na hilo la kutoa mimba kabla ya mengine yote: hapana. Picha uliyopiga haiwezi kuwa sababu. Eksirei moja ya kifua inampa mtu mzima kama milisiveti 0.1 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), na hiyo ni ya kwako wewe, mtoto alikuwa chini kwenye nyonga nje kabisa ya mwali, kilichomfikia ni yale mabaki yanayotawanyika ndani ya mwili na hayafiki hata 0.01. Kasoro za viungo tunaanza kuzihofia mtoto akipata kama milisiveti 100. Yaani upige picha ile ile mara elfu kumi ndo uanze kukaribia! Na hata usipopiga picha yoyote, ardhi, hewa, chakula na miale ya angani vinatupa wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka, kwa hiyo picha yako ni kama wiki mbili za kuishi tu duniani.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu lilishatokea. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kilipolipuka 1986, Ugiriki ilipata mionzi kidogo sana, chini ya milisiveti 1, lakini hofu ilisambaa na madaktari wenyewe wakachanganyikiwa, mimba kama 2,500 ambazo wenyewe walikuwa wanazitaka zikatolewa bure. Kumbuka pia katika watoto 100 kama 3 hivi huzaliwa na kasoro fulani hata mama asipogusa mlango wa eksirei, kwa hiyo asije mtu akakutwisha lawama.

Simaanishi eksirei ni maji ya kunywa. Nguvu yake inang'oa elektroni kwenye atomu za mwili, inakata DNA moja kwa moja au inavunja maji yaliyomo kwenye seli, yanatoka vipande vikali vinavyoenda kuiumiza hiyo DNA. DNA ina nyuzi mbili, uzi mmoja ukikatika seli inaunga vizuri tu maana ule wa pili upo wa kuigiza, shida ni zikikatika zote mbili sehemu moja, hapo kuunga kunaweza kukosewa na kosa hilo likaja kuwa saratani miaka mingi baadae. Daktari Alice Stewart wa Uingereza ndiye aliyeonyesha 1956 kwamba mama waliopigwa eksirei ya TUMBO wakiwa wajawazito watoto wao waliugua saratani zaidi, na leo mtoto tumboni tunamwangalia kwa ultrasaundi ambayo ni sauti tu. Tumbo, dada, sio kifua. Ukija kuandikiwa siti skani ya tumbo au nyonga hapo ndo useme mapema nina mimba, uulize kama kuna njia nyingine, maana hiyo mtoto anaweza kupata milisiveti 10 hadi 25 kwa mara moja.

Aproni isikusumbue. Kwa picha ya kifua kinachomlinda mtoto ni kubana mwali uishie kifuani, yale mabaki yanapita ndani kwa ndani na aproni ya nje haiyazuii. Ila walitakiwa kukuuliza hedhi ya mwisho lini, hilo kama hawakukuuliza ni uzembe na una haki ya kulalamika.

Sasa waifai. Hii ni aina nyingine kabisa, chembe moja ya mwali wake ina nguvu ndogo kuliko ya eksirei kwa mara mabilioni, haing'oi elektroni hata ziwe nyingi vipi. Rusha punje za mchele juu ya mnazi, rusha gunia zima, dafu halianguki. Inachoweza ni kupasha joto, na rauta inatoa kama wati 0.1 tu, ukisogea mita mbili tatu hakuna cha kusema. Simu sikioni ni kubwa kuliko rauta, hasa netiweki ikiwa mbovu maana inaongeza nguvu kuutafuta mnara, ukitaka kupunguza tumia spika. Ni kweli 2011 shirika la utafiti wa saratani la WHO (Shirika la Afya Duniani) liliweka mawimbi haya kundi la "huenda" yanasababisha saratani, lakini uchambuzi mkubwa walioudhamini WHO ukatoka 2024 haukuona uhusiano wa simu na saratani ya ubongo. Na mnara unarusha mbele, sio chini miguuni pake. Wanaopima ni Tume ya Nguvu za Atomiki pale Arusha, waandikieni kama mtaa mzima una wasiwasi.

Ya waifai na ya eksirei kujumlishana hakuna, joto la waifai linaondoka na damu, na eksirei ikizimwa haibaki chochote mwilini, wala huhitaji kunywa maziwa kuisafisha kama wengi wanavyoambiana.

Ila kuna kitu hujaniandikia, majibu ya picha yalisemaje? Kukohoa mwezi mzima ukiwa mjamzito ndo kinachoniogopesha mimi. TB isipotibiwa inamuumiza mama na mtoto, na dawa zake mjamzito anakunywa. Kama hukurudi kuchukua majibu rudi kesho asubuhi, waambie una mimba, na uombe wakupime makohozi.