Bwawa la Juu ya Ardhi: Usingoje Maji Yageuke Kijani

Siku unayouona mwani siyo siku ulioanza. Maji yanapogeuka kijani, umeshazaliana vya kutosha kwenye pembe usizozitazama, na klorini iliyokuwemo imeshakwisha ikipambana nao. Ushauri wangu mkubwa kwa mwenye bwawa la kusimamisha juu ya ardhi ni huu: pima maji yakiwa bado maangavu. Bwawa linaweza kuwa jeupe kabisa, unaona mpaka kwenye sakafu, na lisiwe na klorini hata tone.

Mabwawa haya yana tabia zake. Mengi hayana tundu la kufyonza maji chini. Maji huvutwa na skima, kile kifaa cha pembeni kinachofyonza maji na uchafu wa juu, yanapita kwenye filta, kisha yanarudi kwa mdomo mmoja tu. Matokeo yake maji ya juu yanazunguka na ya chini yanalala. Halafu bwawa lenyewe ni dogo na linapata joto upesi, nao mwani unastawi zaidi kwenye maji yenye uvuguvugu. Kwa hiyo anza na mzunguko kabla hujaanza na dawa. Geuza mdomo wa kurudishia maji uelekee pembeni na chini kidogo, ili bwawa zima lizunguke upande mmoja. Tupia jani ulitazame: likizunguka lenyewe hadi kwenye skima, umepatia. Pampu iendeshe saa 8 hadi 12 kwa siku wakati wa joto, hata kama hakuna aliyeogelea.

Sehemu ninayoikagua kwanza ni ngazi. Itoe nje uigeuze, halafu pitisha kidole upande wa chini wa kila kidaraja. Ukihisi utelezi, hata kama huoni rangi yoyote, mwani umeshafika. Ngazi nyingi za plastiki zina uwazi ndani. Maji yanaingia humo na kutulia, na klorini inayopita nje haiwafikii wadudu wala mwani uliojificha. Kwangu mimi ukijani karibu kila mara ulichipukia hapo, au kwenye mikunjo ya turubai pale ukuta unapokutana na sakafu. Sugua sehemu hizo kila wiki kwa brashi ya nailoni, pampu ikiwa inazunguka. Brashi ya waya itachana turubai. Kusugua si suala la urembo: mwani hujifunika utando wa utelezi, na usipouvunja huo utando unamwaga klorini juu ya kitu chenye ngao.

Sasa vipimo. pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi ya maji, iwe kati ya 7.2 na 7.6. Watu huiona pH kama jambo la macho kuwasha tu, kumbe ndiyo inayoamua klorini yako ina nguvu kiasi gani. Kwenye maji yasiyo na kinga-jua (dawa ya kuilinda klorini na jua, nitaieleza hivi punde), pH ikiwa 7.5 karibu nusu ya klorini iko katika hali yake kali inayoua. Ikipanda hadi 8, hali hiyo kali inashuka hadi takriban robo au chini yake. Unaweza kuongeza dawa kila siku ukashangaa mbona haifanyi kazi. Alkali nayo iwe miligramu 80 hadi 120 kwa lita, kwa sababu ndiyo inayoizuia pH isiyumbe ovyo.

Klorini yenyewe wengi wanaambiwa iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Kiwango hicho hakijakamilika bila kuijua asidi ya sianuriki, ile kinga-jua ya klorini. Bila asidi hiyo, jua kali linaimaliza sehemu kubwa ya klorini ndani ya saa chache. Ikiwa miligramu 30 hadi 50 kwa lita, klorini inadumu. Lakini kinga hiyo hiyo huishika klorini na kuipunguza kasi. Kadiri inavyozidi, ndivyo unavyohitaji klorini nyingi zaidi kufanya kazi ile ile. Mimi hulenga klorini isishuke chini ya asilimia 7 hivi ya kinga-jua. Kinga ikiwa 50, basi klorini iwe 3 na kitu. Kukaa kwenye 1 hapo ni kuukaribisha mwani.

Hapa ndipo vile vidonge vya kuelea vinapowaponza watu wengi, na naomba ulichukulie hili kwa uzito. Vidonge vinavyoyeyuka polepole kwa kawaida ni vya trikloro, klorini iliyoungana na asidi ya sianuriki, na kila miligramu 10 za klorini vinazotoa kwa lita vinaacha takriban miligramu 6 za asidi ya sianuriki. Klorini inatumika na kwisha, ile asidi inabaki. Haikauki na jua wala haichujwi na filta. Mwishoni mwa msimu mrefu mtu ana kinga-jua 100 au zaidi, kipimo cha klorini kinasoma vizuri, na bado kuta zinateleza. Dawa ya hapo ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mapya. Ndiyo maana mimi vidonge navitumia ninaposafiri tu. Siku za kawaida naweka klorini ya maji, isiyo na kinga ndani yake.

Ukitaka kujua kama kuna mwani usiouona, fanya hivi: pima klorini jua likishazama, usiongeze kitu, acha pampu izunguke, upime tena alfajiri kabla jua halijapiga maji. Usiku hakuna jua la kuila klorini. Ikiwa imepungua zaidi ya miligramu 1 kwa lita, kuna kitu humo kinachoila. Sijaona kipimo kinachosema kweli kuliko hiki.

Na kama maji yameshageuka, usikimbilie kununua dawa ya mwani. Baadhi yake zina shaba, ambayo huweza kutia madoa turubai na kuzigeuza kijani nywele nyeupe. Klorini inatosha ukiipa kiasi cha kutosha. Jua kwanza ujazo wa bwawa lako: bwawa la mviringo lenye upana wa mita 4.5 na maji ya kina cha mita 1 lina karibu lita 16,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 10 kwa lita humo unahitaji kama gramu 250 za hipokloriti ya kalsiamu (klorini ya chembechembe) yenye nguvu ya asilimia 65. Shusha pH hadi 7.2 kwanza, toa majani yote, sugua kila mahali, kisha weka dawa jioni. Yeyusha chembechembe kwenye ndoo ya plastiki iliyojaa maji. Zikitua kavu juu ya turubai zinaacha mabaka meupe yasiyotoka.

Pima na uongeze tena klorini inaposhuka, pampu ikizunguka usiku na mchana. Maji yatatoka kwenye kijani na kuwa ya kijivu yenye ukungu. Usikate tamaa hapo, huo ni mwani uliokufa, na kazi imebaki kwa filta. Kama filta yako ni ya katriji, ioshe katriji hiyo kila siku. Kama ni filta ya mchanga, isafishe kwa kurudisha maji nyuma mara geji ya shinikizo ikipanda paundi 8 hadi 10 (psi) juu ya ilivyokuwa ikiwa safi. Mtu asiingie mpaka uione sakafu wazi na klorini ishuke kwenye kiwango cha kuogelea. Mtoto aliyezama kwenye maji ya ukungu haonekani. Ngazi uliyoitoa kuisafisha iache nje hadi siku hiyo.

Dawa hizi zishike kwa heshima. Daima tia dawa kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya dawa. Usichanganye aina mbili za klorini hata zikifanana rangi, kwani zinaweza kuwaka au kulipuka. Klorini ikikutana na asidi inatoa gesi ya sumu, kwa hiyo usizihifadhi pamoja, na usitumie kikombe kimoja kupimia zote mbili hata kama umekiosha.